Unalala Kiambu, Unatafuta Ganji Nairobi, Utazikwa Vihiga: Sasa Wewe ni wa Kaunti Gani?

Ukitoka tao jioni na mat ya Waiyaki Way, unapita Westlands, Kangemi, Uthiru, Kinoo, halafu Kikuyu. Hapo katikati, hata kabla makanga akurudishie chenji, ushavuka mpaka wa kaunti. Hakuna karao alikusimamisha, hakuna mtu aliuliza kitambulisho. Ulipanda ukiwa chini ya gavana mmoja, unashuka ukiwa chini ya mwingine.

Wasee wengi wa hii side hawajui laini yenyewe iko wapi, na siwalaumu. Cheki Uthiru. Kuna wodi inaitwa Uthiru/Ruthimitu, iko Dagoretti South, kaunti ya Nairobi. Halafu kuna wodi ingine inaitwa Uthiru tu, iko Kabete, kaunti ya Kiambu. Jina moja, kaunti mbili. Unaweza kununua mkate Nairobi ukaenda kuukula Kiambu kwa miguu.

Inakaa kichekesho hadi siku taka zikae wiki tatu nje ya geti bila kuzolewa, ama uende dispensari ya mtaa uambiwe dawa hakuna. Hapo ndio unataka kujua ni nani wa kuuliza. Kuzoa taka, taa za mtaani, barabara ndogo, maji, chekechea, dispensari, hizo zote ni kazi ya kaunti. Na kaunti inapewa doo kulingana na watu wake. Swali ni: wewe umehesabiwa kama mtu wa wapi?

Wacha tuivunje polepole.

Safari ina hatua mbili siku hizi

Hatua ya kwanza unaijua, pengine hata ni ya mzazi wako. Mtu anamaliza shule ushago, anapanda basi usiku, asubuhi anashuka Nairobi kwa binamu. Ndio maana Kawangware na Kangemi ukitembea unaskia Kiluhya kila kona, na ndio maana Kawangware 56 Desemba inajaa mabegi, magodoro na kuku wakirudi na kwenda.

Sasa angalia namba za sensa. Vihiga mwaka 2009 ilikuwa na watu 554,622. Mwaka 2019 ikawa na 590,013. Hiyo ni kuongezeka kwa asilimia 6 hivi, miaka kumi mizima. Kenya yote kwa hiyo miaka iliongezeka kwa asilimia 23, kutoka watu milioni 38.6 hadi milioni 47.5.

Usidhani Vihiga watu waliacha kuzaa. Ni kweli familia siku hizi ni ndogo kuliko za zamani, lakini hiyo peke yake haiwezi kueleza pengo kama hilo. Vihiga iko na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba moja, na wengi bado wanategemea shamba. Babu alikuwa na ekari kadhaa, akagawia vijana wake, hao wakagawia wao, na wewe umefika umebakishiwa mahali pa kujenga simba na kupanda sukumawiki mistari mitatu. So unatoka. Si kupenda. Nyeri nayo, kwa sababu zake, iliongezeka kwa asilimia 9 tu. Vijana wake wako wapi? Wengine uko nao kwa ploti hapo.

Hatua ya pili ndio mpya. Zamani ukifika Nairobi ulikuwa unabaki Nairobi. Siku hizi ukipata kazi kidogo, ukioa ama ukiolewa, ama landlodi akiongeza rent mara mbili kwa mwaka, unahama kuenda nje zaidi. Kutoka Kawangware unaenda Kinoo. Kutoka Kangemi unaenda Gitaru ama Kikuyu. Wengine wanaruka hadi Ruaka, Rongai, Ngong, Kitengela, Ruiru, Mlolongo. Keja ni kubwa kidogo, kuna mahali pa kuanika nguo, na mtoto anaweza kucheza nje.

Shida ni kwamba hizo zote hazipo Nairobi. Kinoo, Gitaru, Kikuyu, Ruaka na Ruiru ni Kiambu. Rongai, Ngong na Kitengela ni Kajiado. Mlolongo ni Machakos.

Namba zinasema hivi. Kati ya 2009 na 2019 Nairobi iliongezeka kwa asilimia 40, ikafika watu 4,397,073. Kubwa, sivyo? Lakini Kiambu iliongezeka kwa asilimia 49, kutoka watu milioni 1.62 hadi milioni 2.42. Kajiado ndio noma: kutoka 687,312 hadi 1,117,840, asilimia 63. Ruiru peke yake ilikuwa na karibu watu 490,000. Kikuyu ilipita 320,000. Hizo ni miji mikubwa kabisa, ni vile tu tumezoea kuziita "huko nje".

Kwa hivyo ukiskia mtu akisema kila mtu anakimbilia Nairobi, mwambie story imebadilika. Watu wanakimbilia Nairobi mchana. Usiku wanalala kwa jirani.

Barabara ndio ilifungua geti

Hii haikutokea hivi hivi tu. Thika Superhighway ilifunguliwa 2012, na Ruiru ikawa mahali mtu anaweza kuishi na bado afike jobo tao. Side yetu ya west, Waiyaki Way imepanuliwa kutoka James Gichuru hadi Rironi, na Western Bypass sasa inaunganisha Gitaru na Ruaka. Kila mahali lami ilifika, mawe ya nyumba yalifuata. Shamba la kahawa ama la nyanya linageuka kuwa floo sita za bedsita, na lile bango la "Nyumba Inapangishwa" linawekwa kabla rangi ikauke.

Hata gava ilikubali kwamba huu mji umemwagika. Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri ya NaMATA, ya kupanga uchukuzi wa kaunti tano pamoja: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Maana yake ni kwamba kwa mambo ya mat na barabara, wakubwa wanajua sisi ni mji mmoja. Kwa mambo ya bajeti na viti, bado tuko kaunti mbalimbali.

Na usifikirie laini ya Nairobi iliandikwa na Mungu. Mwaka 1963 mpaka wa mji ulipanuliwa kutoka kilomita mraba 83 hivi hadi karibu 690. Dagoretti ililetwa ndani wakati huo, kabla ya hapo ilikuwa Kiambu. Yaani kuna wazee wa Kawangware na Riruta ambao walizaliwa Kiambu na wakajikuta Nairobi bila kuhamisha hata sufuria. Wakati huo laini ilifuata watu. Tangu hapo watu ndio wanavuka laini, yenyewe imekaa.

Mbona bado tunasema home ni ushago?

Muulize msee wa miaka 25 amezaliwa Kangemi, "Kwenu ni wapi?" Hatasema Kangemi. Atasema Emuhaya, ama Butere, ama Kisii, mahali ameenda mara nne maishani, mara mbili ikiwa matanga.

Hii mambo iko na historia. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na mkoloni hakutaka Mwafrika aishi hapa. Alitaka afanye kazi arudi. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika walivalishwa kipande shingoni, karatasi iliyosema wewe ni nani, umetoka wapi na umeandikwa kazi na nani. Bila kazi hukutakiwa kuonekana mjini. Nyumba zilizojengwa zilikuwa za mwanaume mmoja na kitanda chake. Bibi na watoto walibaki nyumbani. Kwa hivyo kutoka mwanzo tao palikuwa mahali pa kutafutia, na kwenu palikuwa kwingine.

Kipande kiliisha, uhuru ukaja, lakini hiyo akili ilibaki. Kesi ya S.M. Otieno inaonyesha vizuri. Alikuwa wakili wa Nairobi, akafariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwa shamba lao Upper Matasia, side ya Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema apelekwe Nyalgunga, Siaya. Wakapigana kortini miezi mitano, mwili ukiwa mochari. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa ikaamua upande wa ukoo, akazikwa Nyalgunga. Mtu ameishi na kujenga maisha yake Nairobi, lakini sheria ikasema kwake ni kule alikozaliwa.

Hata M-Pesa ilipoanza 2007 ilijiuza kwa maneno ya kutuma pesa nyumbani. Walijua wateja wao. Nyumbani si pale mtumaji amesimama.

Sitakuambia uache ushago. Mathe yuko huko na shamba liko huko. Tena tunakumbuka mwaka 2007 na 2008, watu zaidi ya 1,100 wakiuawa na mamia ya maelfu wakifurushwa makwao. Watu walijifunza kwa uchungu kwamba mahali unaita mtaa wako panaweza kukukataa usiku mmoja. Ndio maana hadi leo uchaguzi ukikaribia, wengine Kawangware wanapakia watoto kwa basi wawapeleke ocha kwanza. Ni woga wa watu walioona.

Lakini kuna bei tunalipa kwa kuishi mahali na kujihesabu pengine. Twende kwa hesabu. Mimi campo sikumaliza, na hii haihitaji campo.

Hesabu ya ganji

Katiba ya 2010 inasema angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kwa kaunti. Jinsi ya kugawa kati ya kaunti 47 inaamuliwa na Seneti, ikipewa mapendekezo na Tume ya Ugavi wa Mapato. Unakumbuka 2020 maseneta walivyopigana hadi kikao baada ya kikao kikavunjika? Walikuwa wanapigania hii. Wengine walisema "mtu mmoja, shilingi moja, kura moja". Wengine, hasa wa kaunti kubwa na kavu za kaskazini, wakasema ngoja: kujenga barabara Turkana si kama kujenga Kikuyu, na mtu wa huko alisahaulika tangu uhuru. Pande zote mbili zilikuwa na point.

Septemba 2020 wakaelewana. Idadi ya watu ikapewa uzito wa asilimia 18, na asilimia 20 ikagawiwa sawa kwa kila kaunti. Zilizobaki zikaenda kwa afya, umaskini, kilimo, ukubwa wa ardhi, barabara na kadhalika.

Mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zilipata bilioni 370. Nairobi ikapata takriban bilioni 19.2, Kiambu bilioni 11.7, Vihiga bilioni 5. Ukiangalia hivyo utasema Nairobi imeramba. Sasa gawanya kwa watu wa sensa ya 2019. Nairobi ni kama sh 4,400 kwa kila kichwa. Kiambu ni kama sh 4,850. Vihiga ni kama sh 8,600.

Soma tena polepole. Ukihama kutoka Vihiga ukaenda Kinoo, mgao wako haukufuati wote. Umetoka mahali ambapo kichwa kimoja kina karibu elfu tisa, ukaingia mahali kina chini ya elfu tano. Na hizo vichwa ni za 2019. Wale wote wamehamia Kikuyu na Ruaka tangu hapo wako kwa foleni ya dispensari, lakini hawako kwa hesabu.

Sisemi Vihiga inakula vya wenyewe. Kaunti ndogo pia inahitaji hospitali, gavana na wafanyakazi, na wazee na watoto wanaobaki kijijini ndio wanahitaji daktari zaidi. Na Nairobi nayo iko na kilio chake: kila asubuhi tao inajaa watu wa Kiambu, Kajiado na Machakos, wanatumia barabara, wanaacha taka, wanatafuta choo, halafu jioni wanaenda kulala na kuhesabiwa kwingine. Kitu Nairobi inapata kwao ni pesa ya parking na leseni za biashara. Kwa hivyo kila mtu analalamika, na kila mtu ako na sababu. Tatizo ni kwamba watu wanatembea haraka kuliko karatasi.

Hesabu ya viti

Hii ndio inauma vijana moja kwa moja. Vihiga ina maeneo bunge 5. Kajiado pia ina 5. Sasa gawanya. Mjumbe mmoja wa Vihiga anawakilisha kama watu 118,000. Mjumbe mmoja wa Kajiado, kama watu 223,000. Kiambu, yenye maeneo bunge 12, ni kama 201,000. Nairobi, yenye 17, ni kama 258,000. Yaani sauti ya msee mmoja kule Vihiga bungeni ni kama ya wasee wawili wa Nairobi.

Halafu kuna ile pesa ya NG-CDF. Sheria yake ya 2015, vile ilipitishwa, iligawa sawa kwa kila eneo bunge, liwe na watu wengi ama wachache. Kwa hivyo basari. Ile fomu ya basari mathe wako amepanga laini tangu saa kumi na moja asubuhi, mfuko wake ulipangwa kuwa ule ule kama wa mahali penye nusu ya watu wenu. Ukipewa elfu tatu wakati karo ni elfu hamsini, usidhani ni mjumbe tu mbaya. Inawezekana ni mbaya pia, lakini hesabu ilikuwa imekuangusha kabla hajaanza.

Hii ingerekebishwa. Kifungu cha 89 cha Katiba kinasema mipaka ya maeneo bunge iangaliwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ya mwisho ilichorwa 2012. Miaka 12 iliisha Machi 2024, na wakati huo IEBC haikuwa hata na makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Mpaka huo mchoro ufanyike, Rongai na Kitengela zinaendelea kuhesabiwa kisiasa kama zile za zamani, enzi za ng'ombe kuvuka barabara.

Na kumbuka viti ni 290, Katiba imefunga hapo. Ukiongezea Kajiado, lazima pahali pengine papunguziwe. Sasa unajua kwa nini hakuna mwanasiasa anaharakisha hii mambo.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, jua wodi unayolala. Si ya landlodi wako, si ya kitambulisho, yako. Uthiru na Kinoo hasa, uliza. Usiende kupigia kelele MCA wa Nairobi juu ya mtaro ulio Kiambu.

Pili, kura. Kama uliandikishwa ushago na huendi kupiga huko, kura yako inakaa tu. Ukienda kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako na kitambulisho, unaweza kuomba kuhamishiwa kituo cha karibu na kwako, bora daftari halijafungwa. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Ukiamua kura ibaki nyumbani kwa sababu unajali zaidi ya huko, ni sawa kabisa. Lakini iwe uamuzi, isiwe uvivu.

Tatu, bajeti. Kila kaunti lazima iite watu watoe maoni, na makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Hivyo vikao mara nyingi vinajaa wazee wa mtaa na machifu, kwa sababu vijana wapangaji wanasema "mimi ni wa kupita tu". Umepita miaka sita, buda. Watoto wako wameanza chekechea ya hiyo kaunti.

Nne, sensa. Kenya huhesabu watu kila miaka kumi, na ijayo inafaa kuwa 2029. Sensa inauliza ulilala wapi ule usiku, kama ilivyokuwa usiku wa Agosti 24 mwaka 2019. Mwanasiasa akikuambia usafiri ushago ndio mhesabiwe wengi, jua unamwachia kichwa chako miaka kumi, halafu Jumatatu unarudi kupanga foleni ya maji Kinoo kama mtu ambaye hayupo.

Kwenu panaweza kuwa Vihiga maisha yako yote, na hakuna mtu wa kukubishia. Lakini anayepanga dawa za dispensari ya mtaa wako hajui kwenu. Anajua tu ile namba iko kwa karatasi. Na kama kuna beshte yako alihama Rongai ama Ruaka mwaka jana na bado anajiita mtu wa Nairobi, mtumie hii asome leo, usingoje 2029.